Uwanja Unaokubali Kulowa

Mvua ya masika ikinyesha Nairobi usiku kucha, wakazi wa kando ya Mto Ngong hulala na sikio moja wazi. Asubuhi niliyofika mimi, mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na uwanja mdogo wa watoto ulio ukingoni mwa mto, ndani ya Kibera, ulikuwa umegeuka dimbwi la rangi ya chai ya maziwa. Bembea zilisimama majini. Mtoto wa miaka sita hivi alikuwa ameikalia moja, ameinua miguu asiloe, anasukumwa na dada yake aliyekunja sketi hadi juu ya magoti. Juu yao, kwenye ngazi pana za mawe, akina mama wawili walikuwa wameshaanza kufua.

Ilinichukua muda kuelewa kilichonishangaza. Hakuna aliyekuwa akipiga mayowe. Mto ulikuwa umepanda, umeingia uwanjani na kukaa humo kama mgeni aliyewekewa kiti, na nyumba za mabati nyuma ya ngazi zilikuwa kavu. Kuna mtu aliyeketi siku moja na penseli akaamua kwamba maji yakija yaingie hapa, yasiingie kule.

Kazi hiyo huitwa usanifu wa mandhari, na jina hilo limeiponza. Wengi wetu tukilisikia tunawazia maua ya hotelini na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Wale ninaowastahi katika kazi hii hawaanzi na maua. Huanza na maji, halafu uchafu, halafu ugomvi. Maua yakija huja mwisho, kama kuna pesa zilizobaki. Nimewafuatilia kwa miaka kadhaa, jinsi mtu mwingine anavyofuatilia timu ya mpira, kwa hiyo msomaji asitarajie hukumu ya mtu asiye na upande.

Kibera si mahali pepesi pa kuchorea bustani. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza waliwekwa hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi ekari 4,197 kuwa hifadhi ya kijeshi. Wazao wao walipokabidhiwa hatimiliki mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Katikati ya tarakimu hizo mbili ndimo walimoingia wengine wote: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii, Wakikuyu, na watoto wao ambao ukiwauliza kabila watakujibu kwa Sheng. Makina, Laini Saba, Lindi, Mashimoni, Silanga, Gatwekera, Kisumu Ndogo: kila kijiji kina wenyewe, na wenyewe wana kumbukumbu. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu, vijana waliing'oa reli inayopita humu. Ukichora benchi mahali kama hapa, umechora pia nani ataketi karibu na nani, na mgongo wa benchi utampa nani kisogo.

Hata idadi ya watu ni ugomvi. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa ni milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu kama 170,000, na wapo ambao hawajaisamehe sensa hiyo. Msanifu hashindani na tarakimu. Anachokijua kwa macho yake ni kwamba hakuna hatua tano za ardhi zisizo na mtu anayezidai, isipokuwa zile ambazo hakuna anayezitaka: kingo za mto, ambako taka hutupwa na maji hupanda. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mwaka 2006 wanafunzi sita wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Harvard, mmoja wao Mkenya, Arthur Adeya, waliunda shirika waliloliita Kounkuey Design Initiative. Kounkuey ni neno la Kithai, maana yake kumjua mtu au kitu kwa karibu sana. Uwanja wao wa kwanza walijenga pale mto unapokaribia Bwawa la Nairobi, pamoja na kikundi cha wakazi kilichojiita New Nairobi Dam Community, mahali palipokuwa jaa la taka. Baada ya huo wakajenga mwingine, na mwingine, wakiufuata mto na vijito vyake kijiji baada ya kijiji. Ukiziweka picha za viwanja hivyo pamoja hutajua kwamba ni kazi ya mkono mmoja. Huu una daraja na ukumbi, ule una mabomba ya kufulia, mwingine ni vyoo na ua wa shule. Mimi naihesabu hiyo kuwa sifa. Msanifu ambaye kila kazi yake inamtaja yeye kwanza ana deni na watu wa mahali pale.

Sehemu ya kazi hii ninayoistaajabia kuliko zote haionekani kabisa ukifika baadaye. Ni namna ya kuuliza.

Waite wakazi mkutanoni uwaulize, "Mnataka nini?" Utapata orodha ile ile iliyokwisha kusomwa kwa wageni mia kabla yako: shule, zahanati, ajira kwa vijana. Si kwamba wanadanganya. Wamejifunza tu ni maneno gani hufungua pochi. Msanifu mjuzi huuliza mambo madogo madogo. Jana ulitoka nyumbani saa ngapi? Ulipita wapi, na kwa nini hukupita njia ya mkato? Ulibeba nini mkononi? Ukifua, mtoto anakuwa wapi? Giza likiingia, ni kona ipi ambayo unaipita mbio? Mwanamke akishajibu hayo, amekuchorea ramani ambayo hakuna setilaiti inayoiona.

Halafu huwatenganisha watu kabla ya kuwakutanisha. Wanawake peke yao, kwa sababu habari za choo hazisemwi mbele ya baba mkwe. Wapangaji mbali na wenye nyumba, kwa sababu mpangaji atakayesema mtaro umeziba anaweza kupandishiwa kodi mwezi ujao. Watoto hupewa udongo wa kufinyanga na vifuniko vya chupa, wajenge. Nao hujenga vitu vya ajabu, lakini ukiviangalia kwa makini utaona kwamba karibu kila kimoja kina mahali pa kujificha na mahali pa juu pa kuchungulia. Kupiga kura wengine hutumia maharagwe: picha zimepangwa mezani, kila mtu na konzi yake, na asiyejua kusoma ana sauti sawa na mwalimu mkuu. Wazee wa mtaa wakipiga kura wa kwanza, wengine wote hufuata wanakoelekea wazee, kwa hiyo wazee huombwa kwa heshima zote wapige wa mwisho. Ni jambo dogo, lakini ukilikosea umepoteza mkutano mzima.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda. Badala ya kuwaonyesha watu picha za kompyuta, zile ambamo watoto wenye maputo hutembea juu ya nyasi ambazo Kibera haijawahi kuziona, msanifu huchukua kamba, vigingi na chokaa, akachora jengo lote chini, kwa ukubwa wake halisi. Hapa mlango, hapa bomba, hapa ngazi. Halafu huwaambia watu waingie. Mama anakuja na beseni lake kichwani, anapita kwenye "mlango", anageuka, na hapo hapo anasema, huu mlango ukifunguka kwa ndani utagonga beseni. Mwingine anasema choo hiki kimeelekea kilabu cha pombe, usiku hakuna msichana atakayekuja. Kamba inang'olewa, kigingi kinahamishwa, mlango unageuzwa kuelekea njia yenye taa. Mchoro uliosifiwa ofisini wiki tatu hufa hivyo kwa dakika moja, na mwenye mchoro anapaswa kutabasamu. Ambaye hawezi kutabasamu atafute kazi ya kuchora nyumba za matajiri. Nao pia hubadilisha mawazo, lakini angalau hulipia.

Sasa turudi mtoni, kwa mawe.

Ukichimba ukingo wa mto Kibera hukuti udongo. Unakuta taka za miaka mingi: mifuko ya plastiki, majivu, nguo, kiatu cha mguu mmoja, na tope jeusi lililoshikanisha vyote. Ukisimamisha ukuta wa zege juu ya ardhi ya namna hii, upande mmoja huzama kabla ya mwingine, na ukuta hupata ufa. Hata usipozama, mvua ikinyesha maji hujaa nyuma yake, yakausukuma usiku kucha, mpaka siku moja ulale kifudifudi mtoni. Zege ina nguvu nyingi lakini haijui kujikunja.

Ndiyo maana kwenye kingo hizi utaona gabioni, vikapu vya waya mnene vilivyojazwa mawe na kupangwa kimoja juu ya kingine. Kwa mbali huonekana kama kazi ya mtu aliyekosa simenti. Sogea karibu. Mawe ya mbele hayakumwagwa kwa toroli. Yamepangwa kwa mkono, uso bapa ukitazama nje, madogo yakijaza nafasi za makubwa. Ndani ya kila kikapu kuna waya zilizofungwa kutoka uso wa mbele hadi wa nyuma, kwa sababu bila hizo kikapu huota kitambi. Kila safu inarudi nyuma kidogo kuliko iliyo chini yake. Taka zikibonyea chini, kikapu hubonyea nazo, hujipinda kidogo, na bado ni ukuta. Maji ya nyuma hupenya katikati ya mawe yakaenda zake. Tope linalobaki humo huota majani, mizizi ikaushona ukuta bila gharama. Jambo jingine ni kwamba kijana wa mtaa hufundishika kazi hii kwa siku chache, na waya ukikatika, koleo na nusu saa vinatosha. Kwa hiyo msanifu anapochagua gabioni anachagua pia nani atapata kibarua, na nani atajua kuutengeneza ukuta huo wafadhili wakishaondoka.

Sikujua, kabla ya kuanza kuwatazama watu hawa, kwamba kazi ya kupendeza kuliko zote katika bustani ya umma ni sakafu ya kufulia. Naomba subira ya msomaji hapa.

Sakafu ya kufulia ikiwa tambarare kabisa, maji ya sabuni hutuama, huota ukungu, na mtu atateleza. Ikiinama sana, beseni litaserereka na mtu atateleza vile vile. Kati ya makosa hayo mawili kuna inamo la sentimita mbili hivi kwa kila mita moja, kiasi kidogo ambacho jicho halikioni lakini maji hayakikosi. Fundi hulipata kwa kifaa cha bei rahisi kuliko vyote: bomba la plastiki linalopitisha mwanga, limejazwa maji. Mmoja anashika ncha hii, mwenzake ncha ile, hata kama kuna ukuta katikati yao. Maji ndani ya bomba husimama usawa mmoja pande zote mbili, na penseli inaweka alama. Halafu wanashuka kutoka alama hiyo sentimita wanazozitaka. Zege ikishakauka, fundi mzee hamwamini mtu wala kipimo. Humwaga kikombe cha maji kona ya mbali akachutama kuyatazama yakitembea. Nimewahi kuchutama naye. Maji yalikwenda, yakasita mahali pamoja kama yanayofikiri, yakaendelea. Alipaona pale yaliposita, akaweka alama ya mkaa, na kesho yake pakasuguliwa.

Kisha kuna kimo. Karo la kufulia likiwa la kimo kimoja, limejengwa kwa ajili ya mwanamke mmoja. Mama fua anayefulia nyumba nne kwa siku hawezi kuinama kama anayefua sare ya mtoto mmoja, naye msichana wa miaka kumi na mbili hawezi kufikia wanapofikia wote wawili. Msanifu mzuri hujenga vimo viwili au vitatu. Huweka kibao cha sabuni upande usiorushiwa maji. Huacha nafasi ya mtoto kuketi pale ambapo mama anamwona bila kugeuza shingo. Maji machafu hutokea upande wa mbali na njia, ili apitaye asikanyage povu la mwenzake, maana ugomvi mwingi wa majirani, ukiufuatilia hadi chanzo chake, utafika kwenye maji machafu ya mtu fulani.

Kwa nini basi kuweka mabomba, vyoo, vibanda na bembea mahali pamoja? Jibu la haraka ni kwamba nafasi ni ndogo. Jibu la kweli ni ufagio. Uwanja wa watoto hauingizi hata shilingi, kwa hiyo hakuna wa kuufagia, na uwanja usiofagiwa hurudi kuwa jaa kabla mwaka haujaisha. Bomba la maji linaingiza pesa kila mtungi unapojaa. Choo kinaingiza shilingi chache kila anapoingia mtu. Kibanda kinalipa kodi. Katika uwanja ule wa kwanza walikuwepo hata wanawake waliosuka vikapu kwa magugu maji ya bwawani. Ukivifunga vitu hivi kwenye fundo moja, bomba linanunua ufagio wa uwanja. Tena msanifu mwerevu huliweka dirisha la muuza maji mahali ambapo anaiona mitungi na anaiona bembea kwa wakati mmoja. Hakuna aliyeajiriwa kulinda watoto, na bado watoto wana mlinzi kutwa nzima.

Mfano mzuri wa kufunga fundo ni majengo ambayo Umande Trust, shirika la hapa hapa Nairobi, limeyajenga Kibera na mitaa mingine. Chini kabisa, ardhini, kuna tangi lenye umbo la kuba. Juu yake vyoo na bafu. Juu ya vyoo vyumba: ofisi, ukumbi wa mikutano, mahali pa kupangisha. Kinachoshuka kutoka vyooni huoza ndani ya kuba pasipo hewa na kutoa gesi, na gesi hupanda kwa bomba hadi kwenye jiko la jumuiya. Mengi ya majengo haya ni ya mviringo, na si kwa mapambo: umbo la kuba lililo chini limepanda hadi paani, na ukuta wa mviringo hauna kona dhaifu ya kusukumwa. Kilichokuwa kigumu hakikuwa uhandisi. Kilikuwa ni kumshawishi mtu anywe chai iliyochemshwa kwa gesi ya choo. Hapo penseli haisaidii. Anatakiwa mama mmoja anayeheshimika mtaani apike wa kwanza, aonje mbele ya watu, na akae kimya.

Kuna siku nilimsikia mtu akisema kwamba ukitaka kuona bustani ya watu wa makabila mengi uende Copenhagen. Hakukosea. Mtaani Nørrebro kuna bustani iitwayo Superkilen, iliyofunguliwa mwaka 2012, yenye urefu wa mita 750 hivi. Waliibuni wasanifu wa BIG na Topotek 1 pamoja na wasanii wa Superflex, na walichokifanya ni kuwauliza wakazi wahamiaji, ni kitu gani cha kwenu mngependa kukiona hapa? Vitu vikaletwa kutoka zaidi ya nchi hamsini: bembea za Iraki, chemchemi ya Moroko, ulingo wa ndondi wa Thailand, spika za Jamaika, hata udongo wa Palestina. Ni kazi ya akili nyingi na ucheshi. Naistahi. Hata hivyo, kila nikiifikiria nakumbuka kwamba chini ya chemchemi ile mabomba ya maji taka yalikuwepo tayari, na kila aliyechagua kitu cha kwao alikuwa na choo nyumbani. Waliokwisha kupata maji wanaweza kukutana kwa kumbukumbu. Kibera watu hukutana kwa foleni. Mluo hahitaji sanamu ya Ziwa Victoria ili ajione yumo. Anahitaji kwamba Mnubi, Mkamba na yeye wakifika bombani, anayehudumiwa kwanza awe aliyetangulia kufika. (Na ule wekundu maarufu wa uwanja wa Copenhagen ulipauka mapema. Mvua haina heshima popote.)

Hiyo foleni nayo huchorwa. Upana wa njia, upande wa kuingilia, mahali pa kuweka mtungi ili usipoteze zamu ukienda kumwangalia mtoto. Na nyuma ya foleni kuna ufunguo. Nimewasikia wasanifu wawili wakibishana nusu siku kuhusu ufunguo mmoja wa stoo: uwe na mwenyekiti, na mweka hazina, au na mama wa kibanda cha karibu anayefungua saa kumi na moja asubuhi? Walimpa mama. Mwenyekiti alinuna mwezi mzima. Kitabu cha hesabu kilibandikwa ukutani, ndani ya kioo, mapato kushoto na matumizi kulia, kwa sababu uvumi wa pesa huua mradi upesi kuliko mafuriko. Kamati yenyewe ilipangwa isiwe ya kabila moja wala ya ukingo mmoja wa mto. Hayo yote hayamo katika vitabu vya usanifu nilivyowahi kufungua, na bado naamini ni usanifu.

Vitu vingine ni ujanja wa mtaani. Chuma kinachofunguka kwa spana kitafunguliwa, na kesho yake kitakuwa kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu. Kwa hiyo welda huziba vichwa vya boliti. Benchi ni la zege. Msanifu asiyeyajua haya hulalamika kwamba watu hawana ustaarabu. Anayeyajua huongeza bei ya kuchomelea kwenye bajeti na kuendelea na kazi.

Sitaki kuwapaka mafuta kupita kiasi. Uwanja mmoja hausafishi mto. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, liliwahi kuwa na klabu ya mashua za tanga. Baadaye magugu yalilifunika, na kinachotiririka kulielekea hutoka kwenye vyoo na mitaro ya mji wote ulio juu yake. Wala msanifu hana hatimiliki ya kumgawia mtu. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa nyumba zilizojengwa ndani ya mita thelathini kutoka mito ya Nairobi, na familia nyingi zikabaki nje. Mita thelathini kwenye karatasi ya sheria ni mstari tu. Mtaani ni vitanda, majiko na shule. Nimeona pia, katika mtaa mwingine, choo cha msaada kilichofungwa kufuli mwaka wa pili, bango la wafadhili likiwa safi kuliko sakafu. Hakikukosa mchoro. Mchoro wake ulikuwa mzuri kuliko mingi. Hakikuwa na mama wa kushika ufunguo.

Asubuhi ile nilikaa hadi karibu saa sita. Jua lilipotoka, maji yalianza kurudi nyuma polepole, yakiacha tope laini lenye nyayo za bata. Kijana mmoja alitoka na sepetu stooni, akaanza kulikwangua kutoka chini ya bembea na kulirudisha mtoni. Nilimsalimu mmoja wa akina mama waliokuwa wakifua, nikamuuliza kama hakuogopa usiku ule.

"Ilifika ngapi?" akamuuliza mwenzake badala ya kunijibu.

"Ya tatu."

Nilikuwa sijaelewa. Akaninyooshea kidole kilichojaa povu kuelekea ngazi za mawe, akanihesabia kutoka chini, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ambayo bado ilikuwa na mstari wa tope kwenye uso wake.

"Mwaka juzi ilifika ya nne," akasema. "Ikifika ya sita, mwanangu, ndipo tunaondoa mabeseni."

Akarudi kwenye shati lake. Nami nikazihesabu ngazi zilizobaki juu ya hiyo ya sita hadi kwenye mlango wa nyumba ya kwanza. Zilikuwa tisa.